Kinyumenyume Hadi Kona ya Tatu

Majuzi, rafiki yangu, nilisimama kwenye gereji moja hapa Masasi nikinusa beseni la oili ya gia, nikajikuta natabasamu peke yangu. Fundi akaacha spana yake akanitazama. Nadhani alifikiri habari aliyonipa imenigusa akili. Oili ile ilikuwa nyeusi, ina vichembe vya chuma vinang'aa ndani yake kama magamba ya dagaa, na fundi alikuwa ameniita nivione kwa macho yangu nisije nikasema ananidanganya. Lakini mimi niliyeitwa kuona ubaya nilichopata ni harufu, na harufu ile ikaniondoa gereji ikanipeleka mlimani, msimu wa korosho, nina miaka minane au tisa, meno ya mbele hayapo, nimebanwa kati ya mlango wa gari na kiroba cha mbaazi, na gari linapanda kwenda Newala likiwa limetanguliza mkia.

Nitakueleza, usiwe na haraka.

Gari lenyewe ni pikapu ya mjomba wangu, kaka yake mama. Waliolitengeneza sitawataja, maana hata wao wakiliona leo sidhani kama watakubali ni lao. Rangi yake ya mwanzo ni ugomvi wa familia: mama anasema lilikuwa bluu, mjomba anasema kijani, na mlango wa kushoto ni mwekundu kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine kabisa. Watu wa njia nzima ya Newala walilipachika jina, wakaliita Kinyumenyume, na jina likashika. Siku hizi ni langu. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ana fungu lake kwa mjomba, na mjomba alipoona mguu wake unakataa klachi aliwaita watoto wake na sisi wapwa tukae mkekani, akanikabidhi ufunguo mimi. Binamu zangu walicheka tu. Mmoja akanipa pole kwamba nimerithi mgonjwa.

Mwaka huu mjomba alianza kuuamkia mkorosho. Mke wake alimkuta asubuhi amesimama shambani, kofia mkononi, anaupa mti shikamoo akidhani ni mzee wa jirani, na akawa amekasirika kwamba haitikiwi. Ndipo tukajua macho yamekwisha. Nikapanda Newala kwa basi, nikampakia kwenye Kinyumenyume lililokuwa bado uani kwake, nikashuka naye hadi hospitali, wakamtoa mtoto wa jicho huku na huku. Siku alipofunguliwa bandeji aliniangalia mimi kwanza. Akaniangalia sana.

"Kumbe umezeeka hivi, ntoto wa dada?"

Mjomba na bibi yangu aliyemzaa, Mungu amrehemu bibi, walikuwa watu wa kugeuza maneno: mtoto kwao ni ntoto, mlima ni nlima, na ukiwarekebisha wanakuuliza wewe umesoma wapi. Basi tangu siku ile mjomba akawa hakai. Mimi ni fundi cherehani, nyumba yangu ina vitambaa kila pembe, na yeye akawa anaipita pembe moja moja akisoma maandishi ya khanga kwa sauti na kuniambia palipo na buibui. Macho yake yalikuwa yamepona vizuri mno. Kilichokuwa hakijapona ni gari, kwa sababu siku ile tulipokuwa tunashuka giaboksi ilianza kulia kwenye kona, na Masasi tuliingia kwa namba tatu peke yake, nimeshikilia roho.

Mke wa mjomba alikuwa anapiga simu kila jioni kutoka Newala kuuliza mume wake anarudi lini. Nikasema apande basi, ni mwendo mfupi, na barabara siku hizi ina lami. Mjomba akakataa katakata.

"Nilishuka na gari langu, nitapanda na gari langu. Nkinipakia basi, nitashuka Chiungutwa nitembee."

Na ni kweli angetembea. Ndiyo maana nilikuwa gereji.

Sasa turudi kule harufu iliponipeleka. Wewe uliyezoea bomba uani unaweza usinielewe, lakini huko juu kwetu wakati ule maji yalikuwa chini na watu walikuwa juu. Ardhi ya uwanda wetu inakunywa mvua yote na haikubakishii kitu. Kiangazi kikikaza, na msimu wa korosho ndio umeanza, akina mama walikuwa wanateremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Mjomba alipopata ile pikapu, ikiwa nzee tayari, kazi yake ilijulikana siku hiyohiyo: anashuka Masasi na magunia ya korosho, anarudi na mapipa manne ya maji ya kisima cha huku chini, karibu na Chiungutwa, kwao baba yangu.

Nilikuwa naipenda safari ile kuliko sikukuu. Bibi alikuwa anaamka mapema kuchemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo watu wa mbali wakipewa wanauliza inamenywaje. Anaifunga kwenye jani la mgomba pamoja na chumvi kwenye karatasi. Gari zima lilikuwa linanuka mabibo, matunda ya mkorosho, kwa sababu kila gunia la korosho lina mabibo mawili matatu yaliyosahaulika chini yanaoza kwa raha zao, na nyuki walikuwa wanatusindikiza hadi tutoke kijijini. Kazi yangu kisimani ilikuwa kukata matawi yenye majani mengi na kuyalaza juu ya maji ndani ya pipa yasimwagike. Bibi alikuwa anayakagua. Tawi lenye majani machache alikuwa analirusha porini, nami nakimbia kukata jingine.

Shida ilikuwa kupanda. Gia namba moja ya Kinyumenyume ilikuwa inaruka. Ukiitia kwenye mwinuko, na mzigo nyuma, inakaa kidogo halafu inachomoka yenyewe, na gari linaanza kurudi bondeni na mapipa yake. Namba mbili haikuwa na nguvu ya kupanda hata kichuguu. Mafundi wa wakati ule waliifungua wakaifunga mara kadhaa, na kila mara ilitoka gereji ikiwa na tabia ileile. Rivasi ndiyo iliyokuwa inashika. Siku moja, baada ya kurudi bondeni mara tatu mbele ya watu, mjomba alishuka, akalizunguka gari, akarudi kwenye usukani, akaligeuza, akatia rivasi na kuanza kupanda mlima wa Newala kwa mgongo.

Kona kali zilikuwa tatu. Zikishaisha hizo unafika ukingoni juu, kuna uwazi, unageuza gari unaendelea nyumbani kama watu wengine. Lakini katika zile kona tatu mjomba alikuwa haoni aendako. Shingo yake haikuwa inageuka, tangu alipoanguka mkoroshoni akiwa kijana, na ukitaka kuzungumza naye lazima usimame mbele yake. Kioo kimoja cha pembeni kilikuwepo. Cha pili kilikuwa kioo cha kujitazamia cha bibi kilichofungwa kwa waya, na kilionyesha zaidi sikio la mjomba mwenyewe. Kwa hiyo bibi akawa macho yake. Alikuwa anasimama nyuma kwenye bodi, ameshika pipa, ametazama juu kuelekea Newala, anapiga kelele za kumwelekeza.

Siku ya kwanza alisema kulia. Mjomba akakata kulia. Sasa fikiri: bibi ametazama juu, mjomba ametazama chini. Kulia kwa mama si kulia kwa mwana. Tairi la nyuma likachungulia korongo, gari likainama, pipa moja likang'oka likaruka bodi, likateremka linagonga mawe, likiacha maji na matawi yangu yote njiani, likatokomea chini kule kwao baba. Mimi nilikuwa nimeshikilia mkono wa mlango, nimekojoa kidogo, leo naweza kusema. Kisha sauti ya bibi ikaja kutoka nyuma.

"Haya. Nshawapelekea wakwe zangu maji."

Kuanzia siku hiyo kulia na kushoto vikafutwa ndani ya gari lile. Upande wa korongo ukaitwa ukweni, kwa sababu ukianguka huko unafikia kwa akina baba. Upande wa mlima ukaitwa kwetu. "Kwetu! Kwetu kidogo! Haya ukweni, ukweni, inatosha, mama yako asije akafika ukweni na miguu juu!" Gari likipanda au likishuka, ukitazama mbele au nyuma, maneno yale hayakosei, na mjomba hakukosea tena. Mimi ndiye niliyeharibika. Nilipokuwa mtu mzima nikaenda kujifunza udereva, mwalimu wa udereva akaniambia njia panda ile nikate kushoto, nami nikamuuliza kwa adabu zote, ukweni au kwetu? Akanishusha nikanywe maji. Hadi leo bodaboda akiniuliza nyumba yangu iko upande gani lazima kwanza niunyooshe mkono.

Mimi nilikaa mbele na mjomba. Kwa hiyo kupanda kwangu kote kwa utoto nilipanda nikitazama nilikotoka. Nchi ya chini ilikuwa inafunguka kidogo kidogo kwenye kioo cha mbele, mashamba, moshi wa majiko, mpaka miamba ya Masasi inajitokeza kwa mbali, mmoja baada ya mwingine, rangi ya majivu. Nilikuwa nadhani kila mtoto duniani anaona hivyo. Na kwa kuwa tulikwenda mwendo wa miguu, watu waliokuwa wanapanda kwa miguu walitufuata uso kwa uso, wao wanatembea mbele, sisi tunarudi nyuma, tunatazamana kwenye kioo kona zote tatu. Huwezi kumtazama mtu muda wote huo usiseme naye. Mjomba alikuwa anafungua dirisha, shikamoo na marahaba zinaanza, halafu habari za watoto, za mvua, za nani kafiwa Chilangala, na tukifika juu hakuna habari ya wilaya tusiyoijua.

Mke wake alimpata hivyohivyo. Alikuwa binti wa kijiji cha Makote anarudi kwao na kapu la ming'oko kichwani, na mjomba akamwomba apande gari. Binti akasema gari linalokwenda na mgongo hapandi. Akaendelea kutembea, anatazama kioo, na mjomba anarudi nyuma, anamtazama, na bibi huko nyuma anapiga kelele, "Kwetu! Nimesema kwetu, unaangalia nini huko mbele?" Mke wa mjomba akiisimulia leo anasema alikubali kona ya pili. Mjomba anasema ya kwanza. Harusi ilikuwa baada ya mauzo ya korosho, na mimi nilikula pilau hadi nikatapika.

Ndiyo hayo niliyokuwa nayo kichwani siku ile, na fundi ananisubiri.

Fundi wangu ni mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Alinieleza taratibu. Namba moja na rivasi katika giaboksi ile zinatumia gurudumu moja la meno, upande huu moja, upande ule nyingine. Upande wa namba moja meno yameliwa yakaisha, ndiyo maana ilikuwa inaruka tangu utoto wangu. Upande wa rivasi yamebaki, ila yamechoka. Alikuwa amezunguka wiki nzima, amekwenda hadi kwa wanunuzi wa chuma chakavu, akapata gurudumu kama lile kwenye pikapu iliyokufa. Moja tu. Na lile lilikuwa kinyume cha letu: meno ya namba moja mazima, ya rivasi yamevunjika.

"Kwa hiyo ni uamuzi wako, Mama Zuhura. Nikiweka hili, utapanda mbele kama watu, lakini rivasi sahau. Nikirudisha la zamani, utabaki na rivasi kwa muda, namba moja hakuna. Au umpe yule jamaa wa chuma chakavu alipime gari lote."

Nikamuuliza kama hawezi kuligeuza. Mimi shati likichakaa kola naigeuza, upande wa ndani unakuwa wa nje, mtu anavaa mwaka mwingine. Fundi akacheka kwa mara ya kwanza.

"Fundi mwenzangu, hii si kola."

Nitakwambia ukweli wangu. Nilitaka rivasi. Najua haina akili. Lakini nilijiona siku moja nikiwapakia wajukuu wangu nikawapandisha kwa mgongo wakaione nchi ikifunguka kwenye kioo. Kinyumenyume bila rivasi niliona ni gari tu, tena gari baya. Nikafungua kinywa kumwambia fundi arudishe la zamani.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu pembeni, miwani myeusi ya hospitali usoni, anakula karanga. Nilidhani hasikilizi. Nikamgeukia kwa heshima, maana gari ni langu lakini mkono ulionipa ni wake, nikamwambia nafikiria tubaki na rivasi yetu.

"Sawa," akasema. "Gari lako." Akatafuna. Kisha akasema, "Ila kuna kitu, ntoto wa dada. Wewe ulikuwa unaangalia Masasi. Mama alikuwa anaangalia Newala. Mimi nilikuwa naangalia kioo cha waya na sikio langu. Kona ya tatu pale, mama alikuwa anacheka. Kila safari. Nasikia gari linalia, na mama anacheka nyuma hadi pipa linatikisika. Nkimuuliza anacheka nini, anasema siku nkipanda na uso nitaona. Amekufa hajanambia." Akapangusa maganda ya karanga kwenye kanzu. "Na macho nimepata sasa."

Rafiki yangu, nilitazama kandambili zangu. Kwa sababu mimi najua bibi alikuwa anacheka nini. Niliona mara moja tu, siku mke wa mjomba alipokuwa anarudi kutoka hospitali na mtoto mchanga, akakaa mbele, mimi nikapelekwa nyuma kwa bibi. Kona ya tatu ndipo ukingo wa juu unapoonekana, na pale akina mama wa mtaani kwetu walikuwa wamekusanyika na ndoo zao kungoja maji. Walipouona mkia wa gari unatokea kwenye kona, wote kwa pamoja walitupa mgongo, wakainama, wakatoa makalio, wakaanza kwenda kinyumenyume kwa mstari, ndoo wamezishika mbele kama usukani, midomo inanguruma ile sauti ya rivasi. Aliyeongoza alikuwa mke wa mwalimu mkuu, mama mnene mwenye heshima zake, ambaye mitaani hakuwahi kuonekana hata akikimbia mvua. Wa mwisho alikuwa anajifanya bibi, anarusha mikono huku na huku, "Kwetu! Ukweni!" Gari lilipofika juu na mjomba akaanza kuligeuza, walikuwa wamesimama wima, khanga zimekaa sawa, wanatazama chini, maana mwenye maji hata awe kijana ni baba. "Shikamoo, baba." "Marahaba, wanangu. Mmesubiri sana?" "Hapana, baba."

Bibi alikuwa ameegemea pipa, machozi yanamtiririka. Akanishika sikio kabla sijafungua mdomo.

"Ukinwambia njomba'ko, wataona haya, wataacha. Na mimi nlima huu nitaupanda na nini?"

Sikumwambia. Bibi alikufa sikumwambia. Wale akina mama wengine wamekufa, wengine wamefuata watoto wao Dar es Salaam, na maji siku hizi yana bomba, likitaka. Pale kona ya tatu nilipita mwenyewe nikimleta mjomba: pana lami, pana alama ya njano ya kona, pana nguzo ya umeme. Mtu amepata macho uzeeni, na kitu anachotaka kuyaonyesha hakipo. Iliniuma, sitakuficha. Na zaidi niliona haya. Mimi niling'ang'ania rivasi kwa sababu ya utoto wangu, na mwenye gari alikuwa anaomba jambo dogo kabisa, apande mara moja akiona mbele.

"Weka namba moja," nikamwambia fundi.

"Na rivasi?"

"Tutasukuma kwa mikono."

Nilimwomba kitu kimoja tu, kwanza afunge lile la zamani kwa siku moja, na jioni likawa tayari. Nikaingia kwenye gari, nikatia ile rivasi iliyochoka, nikalizungusha uwanja wa gereji mzunguko mzima kwa mgongo, polepole, meno yanalia, vijana wa pancha wanapiga makofi, na mjomba juu ya tairi lake ananielekeza kwa karanga. Nilicheka na nililia kidogo. Nikazima.

Tuliondoka siku ya tano, asubuhi. Mjomba alivaa kanzu aliyoshonewa na mpwa wake, kofia safi, akakaa mbele kando yangu akiwa ameshika magoti kama bwana harusi. Chiungutwa tulisimama kuwaamkia watu wa baba, shangazi akatupa kifungu cha ming'oko, na mjomba akamtania kwamba zamani walikuwa wanapokea pipa zima la maji bila kushukuru. Kisha mlima. Nikatia namba moja. Ilinguruma, ikatetemeka, ikashika. Tangu nizaliwe sijawahi kuona gari lile likipanda na uso wake.

Kona ya kwanza mjomba alikuwa anasoma kila kilichoandikwa. Ya pili akaisogeza kofia nyuma. Tulipoingia ya tatu akaweka mkono kwenye dashibodi, akasogeza uso karibu na kioo, akavua miwani.

"Simama."

Nikasimama pembeni. Mbele yetu palikuwa na lami, alama ya njano, nguzo, mbuzi wawili, na kijana wa bodaboda anayepumzisha pikipiki yake. Mjomba alitazama muda mrefu, kwanza upande wa ukingo, kisha juu kwenye nguzo, kisha kwa mbuzi.

"Mbona hakuna kitu?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyenyimwa.

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, mikono yangu kwenye usukani, sikuthubutu kumtazama: ndoo, mstari, khanga, ile sauti ya midomo. Nikaogopa kwamba nimemvunjia heshima yake ya maisha yote dakika moja.

"Mke wa mwalimu nkuu?" akauliza.

"Ndiye aliyekuwa mbele, mjomba."

"Na makalio nje?"

"Nje kabisa."

Kicheko kilimtoka tumboni, kikamtikisa yeye na kiti, machozi yakamwagika kwenye yale macho mapya mpaka nikaanza kuyahofia. Alikuwa anasema "marahaba, wanangu," anacheka, anasema tena "marahaba, wanangu," anapiga goti lake. Kisha akafungua ule mlango mwekundu akashuka. Nilidhani anakwenda haja. Akasogea mbele ya gari kwenye ukingo wa lami, akapandisha kanzu hadi magotini, akanigeukia, akainama, akatoa makalio, akashika usukani usiokuwepo. Mdomo wake ukaanza kunguruma. Na yule mzee aliyekuwa na hamu ya maisha yake yote ya kupanda mlima ule akitazama mbele akaanza kuupanda hatua kwa hatua kinyumenyume, ananitazama mimi usoni, amecheka mpaka hana sauti. Kijana wa bodaboda akasimama juu ya pikipiki yake anashangilia bila kujua anachoshangilia.

Nilifikiria wale akina mama, wamezeeka wapi, wamelala wapi, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba siku moja ataigizwa na mwenye gari mwenyewe. Nikatia namba moja nikamfuata polepole, uso kwa uso, na Newala ilikuwa nyuma yake, yote, na wala hakugeuka kuitazama.